Kliniki, Njia na Hofu: Huduma za Wajawazito na Uamuzi wa Mahali pa Kujifungulia Mbeya na Iringa Wakati wa Janga la Korona

Utangulizi

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa Tanzania, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Kabla ya wiki hiyo kwisha, shule na vyuo vilikuwa vimefungwa. Kliniki za wajawazito hazikufungwa. Mabasi yaliendelea kupita katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia, masoko ya Mwanjelwa na Mafinga yaliendelea na biashara, na mjamzito wa Kilolo au Rungwe hakuhitaji kibali cha mtu yeyote ili aende zahanati.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalotenganisha historia ya Nyanda za Juu Kusini na historia iliyoandikwa kwingineko. Nchini Uganda, mwishoni mwa Machi 2020, usafiri wa umma na hata wa magari binafsi ulipigwa marufuku. Mgonjwa aliyetaka kusafiri kwa gari alipaswa kupata ruhusa ya mkuu wa wilaya, hadi Rais Museveni alipowaondolea wajawazito sharti hilo mwezi Aprili. Nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku iliwakamata wanawake katika saa zilezile ambazo uchungu hauulizi, na huko Nairobi Dkt. Jemimah Kariuki akaanzisha utaratibu wa kuwapatia wajawazito usafiri wa usiku. Nchini Uingereza baadhi ya hospitali zilisitisha huduma ya kuzalishia nyumbani, na waume walizuiwa kuandamana na wake zao katika vipimo. Katika mifano hiyo yote dola ilifunga njia, na mwanamke akatafuta upenyo.

Mbeya na Iringa hazimo katika mfano huo. Kama huduma za wajawazito zilipungua huko, sababu haiwezi kuwa kizuizi cha polisi barabarani. Inapasa kutafutwa katika mambo matatu: hofu iliyokosa taarifa za kuiongoza, hali ya vituo vyenyewe, na mazoea ya muda mrefu ya kuanza kliniki kwa kuchelewa. Insha hii inashikilia kwamba jambo la tatu lina uzito kuliko linavyopewa katika maandishi mengi kuhusu janga, na kwamba mtafiti anayeanza hesabu zake Machi 2020 huipa korona lawama ambayo sehemu yake ni ya miongo iliyotangulia.

Janga lililokuja bila kliniki

Nyanda za Juu Kusini ziliwahi kupitiwa na janga la mafua ya mwaka 1918 katika hali mbaya kabisa. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimekwisha kuchukua vijana kuwa wapagazi na kumaliza akiba za vyakula. Mwezi Oktoba 1918 kikosi cha von Lettow-Vorbeck kilipita Ubena kikielekea Rhodesia ya Kaskazini kikiwa kimedhoofishwa na maradhi ya kifua, na Jenerali Wahle akaachwa hapo akiwa mgonjwa. Mafua yaliingia katika nchi ya Wanyakyusa na majirani zao wakati wa kulima na kupanda. Mtafiti James Ellison, aliyechunguza eneo la kusini-magharibi, ameonyesha jinsi maradhi hayo yalivyofuatwa na njaa kali, kwa kuwa mikono iliyopaswa kushika jembe ilikuwa imelala au imezikwa.

Wajawazito hawakutengewa safu yao katika taarifa za utawala mpya wa Kiingereza. Hali yao yaweza kukisiwa kwa ushahidi wa mbali. Nchini Marekani, daktari John W. Harris alikusanya taarifa za wajawazito 1,350 waliougua mafua hayo, na mwaka 1919 akachapisha kwamba asilimia 27 kati yao walifariki, mbali na mimba nyingi zilizoharibika. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mjamzito wa Tukuyu, mwenye njaa na asiye na daktari, alikuwa na bahati zaidi.

Kwa mnasaba wa insha hii, jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka 1918 janga halikupunguza huduma ya kliniki, kwa sababu kliniki haikuwapo. Mwanamke alijifungua mikononi mwa mama yake, mama mkwe au mkunga wa kijiji, kabla ya janga na baada yake. Godfrey na Monica Wilson walipofanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, walikuta uzazi ukiwa jambo la ukoo mzima, lenye miiko na ibada zake, hasa pale walipozaliwa mapacha. Hospitali ilikuja baadaye, ikaingia katika shughuli iliyokuwa tayari na wenyewe.

Jinsi kliniki ilivyojengwa

Wamisionari walitangulia. Wamoravian waliweka huduma Mbozi na Isoko, Walutheri Itete na Ilula, Wakatoliki Igogwe, na Wakonsolata Tosamaganga karibu na mji wa Iringa. Baadhi ya vituo hivi ni hospitali teule za halmashauri hadi leo, na kwa vijiji vingi hospitali ya misheni ndiyo hospitali. Historia hiyo inaeleza kwa nini, karne moja baadaye, sauti ya kanisa kuhusu maradhi ilisikilizwa kwa namna ya pekee katika mikoa hii.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilielekeza nguvu katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na operesheni ya vijiji ikawasogeza watu karibu na huduma hizo, mara nyingi bila ridhaa yao. Katikati ya miaka ya 1970 huduma za afya ya mama na mtoto ziliwekwa chini ya mpango mmoja wa kitaifa. Mwaka 1983 Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, ukawa uwanja wa mpango wa lishe wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani uliogharimiwa na Serikali ya Italia. Mpango huo ulianzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, hesabu zikasomwa mbele ya serikali ya kijiji, na kifo cha mtoto kikawa jambo la kujadiliwa na wazazi pamoja na viongozi. Pengine hapakuwa na mahali pengine nchini ambapo akina mama walizoea mapema hivyo kuiona kadi ya kliniki kuwa sehemu ya maisha ya nyumbani. Iringa kuwa kwa muda mrefu miongoni mwa mikoa yenye wanawake wengi wanaojifungulia vituoni si ajali.

Mbeya ina historia tofauti kidogo. Jiji hilo lina hospitali ya rufaa ya kanda inayohudumia nyanda zote za kusini-magharibi, na kitengo chake cha wazazi, Meta, kiko mbali na majengo makuu. Mkoa wenyewe hata hivyo unachanganya joto na malaria ya Kyela, baridi ya Rungwe, mashamba ya mpunga ya Mbarali na migodi ya Chunya. Na hadi Januari 2016, ulipozaliwa Mkoa wa Songwe, ulifika mpaka wa Tunduma. Katika mazingira kama hayo neno “karibu” halina maana moja. Zahanati iliyo umbali wa kilomita saba ni karibu wakati wa kiangazi, na ni safari ya nusu siku mvua zikishanyesha.

Ukimwi ndio uliobadilisha zaidi maana ya kliniki katika kanda hii. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilikuwa miongoni mwa hospitali chache zilizojaribu mpango wa kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tangu mwaka 2000. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2016–17, kiwango cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima kilikuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, vya juu kabisa Tanzania Bara. Hivyo hudhurio la kwanza la kliniki si kupimwa tumbo na kupewa vidonge vya kuongeza damu tu. Ndilo mlango wa kipimo, wa dawa na, katika familia nyingi, wa mazungumzo ambayo mume na mke wasingeyaanza wenyewe. Mwanamke anayeahirisha kliniki kwa miezi miwili katika Mkoa wa Iringa anaahirisha jambo kubwa kuliko mwenzake wa mkoa wenye maambukizi ya asilimia moja.

Ukimya

Taarifa za idadi ya wagonjwa wa korona zilikoma. Takwimu za mwisho za kitaifa zilizofika Shirika la Afya Duniani mwaka huo zilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Aprili Rais John Magufuli aliitisha siku tatu za maombi ya kitaifa. Mwezi Mei alitilia shaka vipimo vya maabara ya taifa. Mwezi Juni alitangaza kwamba Mungu ameiondolea nchi ugonjwa huo. Mwezi huohuo wa Mei, upande wa pili wa mpaka, Zambia iliufunga mji wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa kuongezeka. Malori yalipanga foleni Tunduma, na abiria waliopitia Mbeya walisimulia waliyoyaona. Watu wa kanda hii walisikia mambo mawili yanayopingana ndani ya mwezi mmoja, moja kutoka Dodoma na jingine kutoka mpakani.

Ni rahisi kuuhukumu uamuzi wa kutofunga nchi kwa kipimo kimoja, lakini upande wa uzazi unahitaji hukumu yenye subira. Mwezi Mei 2020 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha makadirio ya nchi 118 za kipato cha chini na cha kati. Kama huduma za uzazi na watoto zingepungua kwa kiasi cha kati ya asilimia 9.8 na 18.5 kwa miezi sita, wanawake 12,200 zaidi wangefariki; kama zingepungua kwa karibu nusu, wangefariki 56,700 zaidi. Vifo hivyo havikuhesabiwa kwa virusi. Vilihesabiwa kwa kukosekana kwa mkunga, damu na dawa za kifafa cha mimba. Kwa mantiki hiyo, kuacha njia wazi kulimkinga mjamzito wa Ileje na hatari iliyomkuta mwenzake wa Uganda. Kuzima taarifa kulimwachia hatari nyingine: aliingia zahanati bila kujua kama maradhi yamo ndani au hayamo, na muuguzi aliyempokea hakuwa na jibu la kumpa.

Ndipo hofu ikapata nafasi. Ndoo za maji tiririka ziliwekwa milangoni, barakoa zikashonwa kwa vitenge, wasindikizaji wakapunguzwa. Hatua hizo zilikuwa za lazima, ila zilisema jambo ambalo redio haikulisema. Mama aliyeziona alielewa kwamba kituo ni mahali pa kuogopa. Wimbi la mwanzoni mwa 2021 lilipofika, Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka mwezi Januari likiwaonya waumini kuhusu maambukizi mapya. Katika mkoa ambamo kanisa huendesha hospitali, waraka wa namna hiyo haukuwa wa kiroho tu. Wizara, kwa upande wake, ilikuwa ikihimiza kujifukiza na mwezi Februari ikasema haina mpango wa kupokea chanjo.

Kuhesabu mahudhurio

Swali la ni kiasi gani huduma ilipungua haliwezi kujibiwa bila kuuliza ilikuwa kiasi gani kabla. Tafiti za kitaifa za afya zinatoa picha isiyotarajiwa. Wanawake waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa takribani asilimia 62 katika utafiti wa 2004–05. Miaka mitano baadaye, mwaka 2010, walikuwa asilimia 43. Mwaka 2015–16 walifika 51. Mwaka 2022, katika utafiti uliowahoji wanawake wengi waliobeba mimba na kujifungua wakati wa korona, walikuwa 65.

Anguko kubwa kabisa katika mfululizo huo, la karibu alama ishirini za asilimia, lilitokea kabla ya janga la korona. Lilitokea baada ya mwongozo wa mahudhurio manne kuanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwongozo ulisema manne yenye ubora yanatosha kwa mwanamke asiye na matatizo. Vijijini, “yanatosha” ilisikika kama “hakuna haraka”. Mwanamke aliyeanza mwezi wa sita hakuweza kuyafikisha manne. Mwaka 2015–16 ni asilimia 24 tu ya wanawake walioanza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2022 walikuwa 34. Wakati huohuo, tangu 2016, Shirika la Afya Duniani lilikuwa likipendekeza mahudhurio manane. Kwa kipimo cha manane, Tanzania iliingia katika janga ikiwa tayari na upungufu mkubwa.

Sababu za kuchelewa zinajulikana kwa kila anayeishi kanda hii: aibu ya kutangaza mimba changa, nauli ya bodaboda, msimu wa kulima, na desturi ya vituo vingi kumtaka mwanamke aje na mwenzi wake hudhurio la kwanza, ili wapimwe pamoja. Asiye na mwenzi, au ambaye mwenzi wake yuko migodini Chunya au kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, mara nyingi hutakiwa kuleta barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Sharti hilo liliwekwa kwa nia njema ya kuwavuta wanaume, nalo limewavuta baadhi. Limewafanya wengine wasubiri hadi tumbo liwe kubwa kiasi kwamba hakuna atakayethubutu kuwarudisha.

Korona iliikuta hali hii, na haikuiunda. Ilichoongeza ni sababu nyingine ya kungoja, na mwanamke ambaye tayari alikuwa na sababu nne za kutokwenda mwezi wa tatu hakuhitaji ya tano. Aidha wastani wa kitaifa wa 2022 huficha mengi. Unaonyesha mwanamke alihudhuria mara ngapi, lakini hauonyeshi kama alipimwa shinikizo la damu, kama kipimo cha wingi wa damu kilikuwapo siku hiyo, wala kama muuguzi aliyekuwa peke yake na foleni iliyotanuliwa kwa sababu ya umbali wa mita moja alipata dakika za kumsikiliza. Kwa mjamzito wa Kyela, dozi ya dawa ya kuzuia malaria hutolewa kliniki na hupaswa kupishana kwa mwezi au zaidi. Hudhurio moja likirukwa, dozi moja imepotea na hairudishwi kwa kwenda mara mbili mwezi unaofuata.

Mahali pa kujifungulia

Kujifungulia kituoni kuliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2004–05 hadi 50 mwaka 2010, 63 mwaka 2015–16 na 81 mwaka 2022. Mstari huo haukuvunjika wakati wa korona. Vituo vingi vilijengwa kwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza 2007, na kuanzia 2017 mamia ya vituo vya afya nchini vilikarabatiwa na kuongezewa vyumba vya upasuaji. Katika Mkoa wa Mbeya, mpango wa Tumaini la Mama uliwapatia wajawazito maskini kadi ya bima ya afya kwa msaada wa Ujerumani. Mambo haya yalipunguza gharama kabla ya hofu kuja, na yaelekea ndiyo yaliyozuia hofu isilete madhara makubwa zaidi.

Hata hivyo tarakimu ya “kituoni” haielezi ni kituo kipi. Uamuzi wa mwanamke wa Nyanda za Juu Kusini si wa nyumbani au hospitali tu. Kuna zahanati ya kijiji yenye muuguzi mmoja, kituo cha afya cha kata, hospitali ya misheni yenye sifa nzuri na gharama zake, hospitali ya mkoa, na Meta kwa waliopewa rufaa. Kuna pia nyumba ya kungojea karibu na hospitali, ambako mwanamke wa mbali huhamia wiki za mwisho akilala chumba kimoja na wageni. Kwa anayeogopa maradhi ya kuambukiza, ngazi hizi hupinduka: kituo kidogo chenye watu wachache kinaonekana salama kuliko hospitali kubwa, na chumba cha kungojea kinageuka kuwa mahali pa hatari. Hapa ndipo hasara ya janga inapopaswa kutafutwa. Mwanamke mwenye kovu la upasuaji au mwenye mapacha aliyeamua kubaki zahanati alihesabiwa kuwa amejifungulia kituoni, na takwimu zikapanda, ingawa mahali alipochagua hapakuwa na chumba cha upasuaji wala damu.

Mkunga wa jadi naye hakuwa ametoweka. Katika miaka ya 1980 na 1990 wakunga hao walipewa mafunzo na vifaa. Baada ya mwaka 2000, malengo ya kimataifa yalipomhesabu mkunga mwenye taaluma peke yake, waligeuzwa kuwa wasindikizaji, na katika baadhi ya maeneo ya nchi sheria ndogo za vijiji ziliwatoza faini waliojifungulia nyumbani. Wengi wao waliendelea kuwa shangazi, bibi na majirani. Mwaka 2020, hospitali zilipopunguza wasindikizaji, nyumbani palibaki mahali pekee ambapo mwanamke angeweza kujifungua akiwa ameshikwa na mtu wake. Sababu hiyo haiandikwi katika fomu, na si lazima ihesabiwe kuwa ujinga.

Hali ilianza kubadilika baada ya Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani, akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani. Ugonjwa ukapata jina rasmi la Kiswahili, UVIKO-19, na wauguzi wakaweza kuutaja mbele ya wagonjwa wao. Mwaka 2022 utaratibu wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliojaribiwa Shinyanga, ukaanza kuenezwa nchi nzima.

Kwa mtafiti wa baadaye, ushahidi ulio karibu zaidi na tukio ni madaftari ya MTUHA yaliyo kwenye makabati ya zahanati: namba 6 la wajawazito, namba 12 la kujifungua na namba 13 la mama baada ya kujifungua. Katika kurekodi mahali pa kujifungulia, mfumo huu humtenga aliyezalia nyumbani na aliyezalia njiani. Kundi hili la pili husahaulika kirahisi, kwa kuwa ni dogo na halina upande katika mjadala wa nyumbani na hospitali. Ni wanawake walioamua kwenda, wakaamua kwa kuchelewa. Kusoma safu hiyo mwezi kwa mwezi kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2021, kijiji cha bondeni kikilinganishwa na cha barabarani, na mwaka wa janga ukilinganishwa na miaka mitano ya mvua iliyotangulia, kungeonyesha hofu iliongeza saa ngapi kati ya uchungu kuanza na mlango wa nyumba kufunguliwa.